Neno moja, sura tatu: ninavyooanisha tahajia za Kiskoti nikiwa Uyole, Mbeya

Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Rungwe. Msimu mmoja nikaunganisha Mwakalinga na Mwakalinda, nikidhani ni mtu mmoja aliyekosewa jina siku ya mizani. Malipo yote yakaenda kwa mmoja. Yule mwingine akaja na mfuko wa Rambo umejaa stakabadhi, akazipanga mezani kwangu moja moja bila kusema neno. Tangu siku hiyo kompyuta ikiniambia "haya yanafanana", naiuliza kwanza: kwa kipimo gani?

Sasa mteja wa Edinburgh amenipa orodha ya maneno ya Kiskoti. Hii ni lugha ndugu ya Kiingereza, si Kigaeli, na haina tahajia moja rasmi. "Nzuri" peke yake utaikuta guid, gude na gid. Kazi yangu ni kuyaweka ya nyumba moja pamoja.

Safu ya asili siigusi. Naiacha kama ilivyokuja, marekebisho yote yanakaa safu ya pili. Ningefanya hivyo Rungwe, yule mzee asingepanda daladala kunifuata.

Halafu kabla ya algoriti yoyote, yaani hatua za hesabu za kompyuta, naandika kanuni za lugha yenyewe. Watu wengi wanaruka hapa, na hapa ndipo kazi ilipo. Waskoti wa zamani waliandika quh pale wengine walipoandika wh: quhat ni what. Ukiiachia mashine, quhat iko hatua mbili kutoka what, na hatua mbili vilevile kutoka that na chat. Badilisha quh iwe wh, ugomvi umekwisha. Ritifaa nayo naifuta: wi' (with ya Kiingereza) inakuwa wi, maana waandishi wengi waliitia ili kuonyesha herufi ambayo Kiingereza kinayo, si sauti. (Usiihamishie kanuni hiyo kwenye Kiswahili. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili.) Kisha kuna mwisho wa -it, ambao ni -ed ya Kiingereza: wantit, wanted. Nilipoiandika kwa pupa, ikanigeuzia rabbit kuwa rabbed, sungura akawa kitenzi. Nikaongeza sharti: ukikata -it, kipande kinachobaki lazima kiwe neno lililomo kwenye orodha. Want imo, rabb haimo.

Ndipo naleta kipimo cha Levenshtein, Mrusi aliyekitoa mwaka 1965: hesabu ni herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe ili neno moja liwe jingine. Kizuri, lakini kinazitazama herufi zote kwa jicho moja. Chukua hoose, yaani nyumba. Kutoka hoose kwenda house ni hatua moja. Kwenda horse, farasi, hatua moja. Kwenda goose, bata bukini, hatua moja. Mashine imekuletea nyumba, farasi na bata, inakwambia chagua.

Kiskoti kinayumba zaidi kwenye irabu. Kwa hiyo irabu naipunguzia bei: irabu ikibadilishwa na irabu, au ikiongezwa au kufutwa, nusu, konsonanti ikiguswa, moja kamili. House inabaki na 0.5, farasi na bata wanabaki na 1. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari michache tu, unabadilisha gharama ndani ya hesabu ileile.

Soundex, njia ya kugeuza neno kuwa msimbo kwa jinsi linavyosikika, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, naitumia kwa mchujo wa kwanza tu. Inashika herufi ya kwanza, kisha konsonanti zinazofuata inazigeuza kuwa tarakimu tatu. Nicht na night zote zinatoka N230, safi kabisa. Ila guid na goat nazo zote ni G300. Nikaijaribu kwenye daftari langu la zamani: Mwakalinga, Mwakalinda na Mwakilima wote M245! Jaro-Winkler, kipimo kingine cha kufanana, ndiyo usiilete Mbeya kabisa, kwa sababu inatoa zawadi kwa majina yanayolingana herufi nne za mwanzo, na huku Mwak- ni nusu ya mtaa.

Mwisho nagawa vikapu vitatu. Kwa maneno mafupi, 0.5 kushuka chini yanapita. Juu ya 1.5 yanakataliwa, ya katikati nayasoma kwa macho, na humo ndimo gude na guid wanaponisubiri, wakiwa na 1. Najikuta nayasoma kwa sauti, wenzangu wanadhani naongea na simu.

Yanayolingana herufi kwa herufi na Kiingereza nayo nayaweka kando. Niliipitisha gate bila wasiwasi, nikaandika "lango". Mteja akairudisha: kwao gate ni njia, lango wanaliita yett. Nimefungua safu nyingine, ya maana, na sasa hakuna jozi inayounganishwa kama safu hiyo iko tupu.