Jinsi ya kuwaona farasi pori wa Garub, Namibia, bila kuwasumbua

Watu wengi wakitoka mji mdogo wa Aus kwenda Lüderitz, mji wa pwani, wanaipita barabara ya B4 mbio mbio, akili iko baharini, halafu jioni wanauliza mbona farasi hatujawaona. Mlishawapita jamani! Ukishateremka milima ya Aus jangwa likafunguka mbele yako, kama kilomita 20 hivi toka mjini, angalia kulia kuna kibao cha Garub, kata hapo, ni njia fupi ya vumbi inakuleta mpaka kwenye kibanda kinachotazamana na birika la maji.

Maji ndo kila kitu. Kisima kilichimbwa kwa ajili ya treni za mvuke za enzi za Wajerumani, na farasi wenyewe wengi wanaamini ni uzao wa farasi wa majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915 pamoja na wale wa shamba la kuzalisha farasi la Kubub pale karibu na Aus. Bila kile kisima wasingekuwepo leo. Kwa hiyo usihangaike kuzunguka jangwani, kaa hapo kwenye maji watakuja wenyewe, ila sio lazima waje siku hiyo hiyo, kipindi cha baridi mwezi wa sita mpaka wa nane wanaweza kumaliza hata siku tatu bila kunywa. Mimi nashauri panga asubuhi mbili, na ubebe koti zito, Aus kuna baridi kweli kweli.

Ukifika zima injini, kaa kibandani, usiwafuate kwa miguu. Angalia nani anakunywa kwanza na nani anasubirishwa, utajua mkubwa wa kundi ni yupi. Wakigaragara mchangani wanajisafisha tu, na ukiwaona wanakula mavi makavu usishtuke, malisho yakiwa haba wanapata chakula humo. Kipindi cha ukame mbavu zinaonekana na inauma sana, ila tafadhali usiwape mkate wala tufaha, farasi akizoea kulishwa anayafuata magari mpaka kwenye lami na hapo ndo anagongwa. Muongo wa 2010 fisi walikula watoto wa farasi hawa mpaka ikapita miaka mfululizo hakuna hata mmoja aliyekua, kwa hiyo ukimkuta mtoto na mama yake kaa mbali kabisa, darubini inatosha.

Kuendesha ni kushoto kama kwetu. Usisimame katikati ya barabara kupiga picha na usiendeshe usiku, wengi wao ni wa kahawia, gizani huwaoni mpaka umeshamfikia. Upande wa kusini wa barabara ni eneo la almasi toka enzi za Wajerumani, bila kibali huingii hata kama farasi wamesimama huko.

Wakishaondoka usikimbilie gari, choroa na mbuni nao wanakunywa hapo hapo, mara nyingi walikuwa pembeni wanasubiri zamu.