Kabla mtoto hajatoa ushahidi: mambo ya kuzingatia

Jambo la kwanza ndilo gumu kuliko yote: acha kumhoji mtoto wewe mwenyewe. Mtoto akikueleza lililompata, msikilize hadi amalize, mwambie amefanya vyema kusema, kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe na kile mlichokuwa mkizungumza kabla hajaanza. Kama sehemu ya mwili ameitaja kwa jina la kitoto, andika hilohilo. Hapo ishia, kapige ripoti. Mama akiuliza leo, shangazi kesho na mwalimu keshokutwa, kila mmoja humlisha mtoto maneno kidogo bila kukusudia, na mahakamani wakili wa utetezi ataanzia hapohapo: nani amekufundisha?

Hofu hiyo ina msingi. Katika kesi ya shule ya chekechea ya McMartin huko California, Marekani, iliyoanza mwaka 1983 kwa tuhuma kwamba walimu waliwadhalilisha watoto kingono, mamia ya watoto walihojiwa. Waliambiwa wenzao wameshasema, wakasifiwa walipotoa jibu lililotarajiwa. Mwaka 1990 kesi ilikwisha bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Mahojiano mabovu humwonea mshtakiwa asiye na hatia, na humnyima haki mtoto aliyeumizwa kweli.

Kwa hiyo uliza mapema nani atamhoji, na kama amesomea kazi hiyo. Mhojaji mzuri huanza kwa kumwambia mtoto kwamba "sijui" ni jibu halali, na kwamba anaruhusiwa kumsahihisha mtu mzima. Humpa nafasi ya kusimulia jambo la kawaida kwanza, kama siku yake ya kuzaliwa, ndipo aseme: "Nieleze yote yaliyotokea." Kisha hunyamaza. Baadaye huuliza, "Halafu ikawaje?" Utaratibu wa kuhoji watoto wa NICHD, taasisi ya Marekani ya afya ya watoto, uliobuniwa miaka ya 1990, umejengwa juu ya maswali wazi ya namna hii. "Alikushika, sivyo?" ni swali lenye jibu ndani yake. Hata swali zuri likirudiwa, mtoto mdogo hudhani jibu lake la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha. Na kumtaka mtoto wa miaka mitano ataje jambo lilitokea mara ngapi, au saa ngapi, ni kumtega tu.

Uliza pia kama mahojiano yatarekodiwa kwa video, ili asirudie simulizi ileile kwa kila ofisi, na kama atahojiwa kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu watoto waathirika na mashahidi inataka mahojiano yawe machache na mtoto asikutanishwe na mtuhumiwa pasipo lazima. Ombi la pazia, chumba cha pembeni au kamera, ili atoe ushahidi bila kumwona mtuhumiwa, lipelekwe kwa mwendesha mashtaka mapema, si asubuhi ya kesi.

Kumwandaa mtoto kwa mahakama kunaruhusiwa. Kumkaririsha ushahidi hapana. Mpeleke aone ukumbi ukiwa mtupu: hakimu huketi pale, wewe utakuwa hapa, choo kiko kule, ukichoka unaomba mapumziko. Usimwahidi zawadi, wala usimwambie kwamba yule mtu lazima atafungwa. Mwambie pia kuwa kesi huahirishwa mara nyingi, hata mkiwa mmeshafika, na ikitokea hivyo si kwa sababu yeye amekosea.