Kabla ya Sindano ya Ganzi, Beba Dawa Zako Zote

Kila dawa unayotumia ifike kwa daktari ikiwa ndani ya pakiti yake. Usiitaje kwa rangi, wala usiitaje kwa ugonjwa uliokufanya uandikiwe. Jina lililochapishwa kwenye pakiti ndilo analolihitaji mtu anayekaribia kukudunga lignokaini, yaani dawa ya ganzi, ili akushughulikie jino, na nitaeleza hapa chini kwa nini nimekuwa msumbufu katika jambo hili.

Kwanza yale mepesi. Taja mzio, taja ujauzito, na mtoto apimwe uzito siku hiyohiyo badala ya kukadiriwa kwa macho: katriji moja (kichupa cha dawa kinachoingizwa kwenye sindano) ya mililita 1.8 ya lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 36, hivyo kwa mtoto wa kilo 15, anayewekewa kikomo cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, katriji mbili tayari zimevuka mpaka. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wafarini, klopidogreli au aspirini ya kila siku, aseme siku ya kupanga miadi, si akiwa amekwisha kukaa kitini, kwa sababu sindano ya ndani ya taya la chini inaweza kutoboa mshipa na damu ikavuja mahali ambapo haionekani. Mwenye wafarini aende na majibu ya karibuni ya kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana damu ikiganda kwenye ubongo, jino litasahaulika.

Sasa lile lililonifunza. Shangazi yangu amesumbuliwa na kipandauso tangu ujana wake, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza propranololi ya miligramu 40 asubuhi na jioni ili maumivu yasimrudie mara kwa mara. Gego lake la chini lilipoanza kuoza, nikampeleka kliniki ya meno. Daktari, kijana mwenye adabu, alimuuliza: "Mama, una presha? Una kisukari? Una pumu?" Shangazi akajibu kwamba hana hata kimoja, nami niliyeketi pembeni nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeuliza anameza nini, na sisi hatukuona sababu ya kusema.

Alidungwa katriji mbili za lignokaini iliyochanganywa na adrenalini. Dakika tano hazikuisha akanishika mkono akasema, "Mwanangu, kichwa kinapasuka." Kipimo cha presha kilipoletwa kilisoma 208 kwa 112, na mapigo ya moyo, ambayo ningetarajia yawe yanakimbia, yalikuwa 46 tu. Ndipo daktari alipouliza kuhusu dawa, nami nikakumbuka pakiti iliyokuwa mkobani. Hata wakati huo shangazi alishikilia kwamba dawa hiyo si ya presha bali ni ya kichwa. Na kwa matumizi yake hakukosea: propranololi huandikwa kwa presha, kwa kipandauso, kwa mikono inayotetemeka, na kwa mapigo ya moyo ya mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo mtu anaweza kuimeza miaka kumi bila kujihesabu miongoni mwa wagonjwa wa presha.

Yaliyotokea yana maelezo mepesi. Adrenalini huwekwa kwenye ganzi ili ibane mishipa ya damu, ganzi idumu na damu ipungue. Lakini adrenalini hiyohiyo, ikiingia kwenye mzunguko wa damu, hufungua mishipa ya misuli, na hivyo presha haipandi sana. Propranololi hufunga mlango huo wa pili. Kinachobaki ni kubana peke yake, presha inaruka, na moyo, katika kujaribu kuishusha, unapunguza mwendo. Zaidi ya hapo propranololi hupunguza damu inayopita kwenye ini, na ini ndilo linaloivunja lignokaini. Atenololi na bisoprololi, ambazo hulenga zaidi moyo, hazina hatari hiyo kwa kiwango kilekile, ila nazo zitajwe. Presha ya shangazi ilishuka taratibu huku akiwa ameketishwa wima, na gego likang'olewa wiki iliyofuata kwa mepivakaini, ganzi nyingine, isiyo na adrenalini. Hakuambiwa aache propranololi, na wewe pia usiiache ghafla, maana moyo uliozoea kutulizwa huweza kulipuka kwa kasi.

Amitriptilini iko katika mtego huohuo wa majina: wengi hupewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto ya kisukari, wala hawajui kwamba ni dawa ya sonona inayoweza kuikuza nguvu ya adrenalini. Simetidini ya vidonda vya tumbo huchelewesha lignokaini kutoka mwilini. Miongoni mwa ARV, zile zenye ritonaviri huzuia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja lignokaini, jambo lenye uzito hasa pale inapohitajika dozi kubwa. Ninajua watu huzificha, na ninajua kwa nini, lakini omba kuzungumza na daktari faraghani kisha useme. Anayetumia daposoni, dawa ya ukoma, asipewe ganzi iitwayo prilokaini kabla ya daktari kuambiwa, kwani zote mbili zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Aliyetumia kokeini aseme hata kwa kunong'ona, na sindano yenye adrenalini isubiri angalau saa 24. Mirungi nayo itajwe, kwa kuwa peke yake hupandisha presha na mapigo.

Ukishadungwa, usijikaze. Ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, ganzi inayozunguka midomo yote, au ulimi unaoanza kuongea ovyo ni ishara kwamba dawa imezidi katika damu, na mkono uinuliwe hapohapo, hata kama daktari yuko katikati ya kazi.