Kumpaka Rangi Askari wa Milimita 28: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kisanamu tutakachokipaka rangi hapa ni askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wa miaka ya 1914 hadi 1918, aliyemiminwa kwa aloi ya bati, mwenye urefu wa takriban milimita 28. Nimemchagua kwa sababu sare yake ya kaki haimsumbui anayeanza, na kwa sababu ngozi yake inafundisha jambo ambalo miongozo mingi, ikiwa imeandikwa kwa kufuata nyuso za Wazungu, hulipita bila kuligusa. Wengi hudhani kwamba kazi hii inataka mkono usiotetemeka. Kwa uzoefu wangu, inataka zaidi kujua kiasi cha maji, na makosa karibu yote nitakayoyataja ni makosa ya maji.

Tafuta brashi mbili za mviringo, namba 2 na namba 0, zenye ncha inayokusanyika vizuri zikiloweshwa. Usishawishike kununua brashi nyembamba kama uzi, kwa kuwa hubeba rangi kidogo mno, na rangi hiyo hukauka kabla haijafika kwenye kisanamu. Rangi ya akriliki ni chembe za rangi pamoja na plastiki iliyoelea ndani ya maji. Maji yakishaondoka, plastiki hushikana na haiyeyuki tena kwa maji. Kwa hiyo usiichovye brashi hadi kwenye shingo ya bati, na isuuze kila baada ya dakika chache hata kama bado unatumia rangi ileile.

Hatua ya kwanza ni usafi. Kwangua kwa tupa ndogo mstari uliobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, kisha sugua kisanamu kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta. Kikikauka, kibandike juu ya kizibo cha chupa, ushike kizibo na si kisanamu chenyewe.

Hatua ya pili ni praima, ambayo huifanya rangi ishike kwenye chuma. Rangi ya kijivu humfaa anayeanza, kwa sababu humwonyesha mikunjo yote. Ukitumia kopo la kupuliza, simama umbali wa sentimita 20 hadi 30 na upulize kwa mipito mifupi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Katika joto kali matone hukauka hewani na kutua kama mchanga. Wakati wa masika ni afadhali upake praima kwa brashi. Kiache usiku kucha.

Hatua ya tatu ni kuandaa kibao chenye unyevu cha kuwekea rangi, na kwa mtu anayeishi Tanga au Mombasa sikihesabu kuwa anasa. Chukua boksi la plastiki lenye kifuniko, tandika ndani yake sponji iliyolowa, kisha juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inayowekwa juu ya karatasi hiyo hunywa unyevu kutoka chini na kubaki laini kwa saa nyingi, ilhali kwenye sahani kavu tone hilohilo hutengeneza ngozi kabla hujamaliza mguu mmoja. Iongeze maji hadi iwe kama maziwa. Ikiwa kama uji itaziba mikunjo ya nguo. Kabla ya kugusa kisanamu, futa brashi kidogo kwenye kitambaa. Hatua hii ya kufuta ndiyo wanafunzi wangu huisahau, kisha hulalamika kwamba rangi "imekimbia" hadi kwenye mkanda, ilhali rangi haikuwa na kosa lolote.

Hatua ya nne ni rangi za msingi, ukianza na ngozi, kisha sare, kisha mikanda na bunduki. Piga mkono wa kwanza bila kujali kwamba praima bado inaonekana, uache ukauke kabisa, kisha piga wa pili.

Hatua ya tano, ambayo ningependa uipe muda kuliko nyingine zote, ni ngozi. Msingi wake uwe kahawia iliyoiva, yenye wekundu kidogo. Kwa vivuli vya chini ya kidevu na kando ya pua, changanya kahawia hiyo na zambarau au buluu iliyokolea. Nyeusi tupu huifanya sura ionekane imepakwa masizi. Kosa kubwa zaidi liko upande wa mwangaza: ukiongeza nyeupe kwenye kahawia, uso hupauka kama wa mtu aliyetoka kuoga bila kujipaka mafuta. Tumia rangi ya chungwa au manjano ya udongo, na uiweke mahali padogo tu, yaani kwenye paji la uso, mifupa ya mashavu, ncha ya pua na vifundo vya vidole. Ngozi nyeusi hung'aa kwa alama ndogo zenye makali, wala haififii polepole kutoka gizani hadi kwenye nuru. Viganja na kucha ziwe nyepesi zaidi. Macho sipendi kuyapaka kwa kipimo hiki. Kivuli kizuri chini ya nyusi humtosha askari, na macho meupe humfanya aonekane ameshtuka.

Kaki ni rahisi: tia kahawia nyembamba sana kwenye mikunjo, kisha rudia kaki ya msingi na kaki yenye manjano kidogo juu ya kingo.

Malizia kwa mikono miwili myembamba ya vanishi isiyong'aa. Niliwahi kuipuliza siku ya mvua, na asubuhi nikamkuta askari wangu amefunikwa na ukungu mweupe. Mkono wa vanishi inayong'aa kwa brashi huondoa ukungu huo mara nyingi, kisha unarudia ile isiyong'aa siku kavu. Kitako, yaani kipande kidogo atakachosimama juu yake askari, kigundishie mchanga, nao ukiwa wa pwani uoshe chumvi kwanza, kisha uupake rangi nyekundu ya udongo kabla ya kumtoa askari kwenye kizibo na kumsimamisha hapo.