Somo: Commodore 64 ikiwashwa, nani anajibu anwani ipi

Wakuu, kompyuta ya C64 ya 1982 ina ramu (kumbukumbu ya kuandika na kusoma) kilobaiti 64 ila ukiiwasha inakwambia zimebaki baiti 38911 za BASIC, lugha yake ya programu, zingine ziko wapi? Twende.

1. Prosesa yake, 6510, ina waya 16 za anwani, kwa hiyo inaona nafasi 65536 basi. Ramu peke yake imeshazimaliza, halafu kuna romu (kumbukumbu ya kusoma tu) ya BASIC, romu ya KERNAL (programu ya msingi inayoendesha mashine), romu ya herufi, na chipu za picha na sauti nazo zinataka anwani. Ikabidi zilaliane, na chipu inaitwa PLA ndo inaamua ukisoma mahali fulani ajibu nani.

2. Hapa ndo patamu. Umeme ukiingia hakuna programu imeanza, sasa PLA inajuaje? Kuna waya tatu zinatoka kwenye prosesa, zile zinazoongozwa na anwani 1, na muda huo bado hazijapewa amri yoyote, rezista zinazivuta juu, na zote zikiwa juu romu za BASIC na KERNAL zinaonekana. Prosesa ikienda 65532 kuuliza ianzie wapi inaikuta KERNAL, inatumwa 64738.

3. KERNAL inachungulia katriji (kasha la programu la kuchomeka). Kama haipo inaipanga anwani 1, ambayo ukiisoma inakupa 55, kisha inapima ramu kuanzia 1024, inaandika inasoma, inaandika inasoma, ikifika 40960 inaandika lakini ikisoma inajibiwa na romu ya BASIC, hazifanani, basi inahesabu ramu imeishia hapo. Programu zinaanza 2049, toa mwenyewe.

4. Jaribu kunakili romu ya BASIC kwenye ramu (PEEK inasoma anwani, POKE inaandika):
FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT
Subiri iishe, halafu POKE 1,54, inayoiondoa romu ya BASIC. BASIC sasa inatembea kwenye ramu, unaweza kuichokonoa.

Swali: Mkuu kufanya POKE kwenye romu si kazi bure?
Jibu: Hapana, kuandika kunapita mpaka ramu iliyo chini ya romu hiyo. Romu inajibu kusoma tu.

Swali: Nimeruka hiyo FOR nikaweka POKE 1,54, imeganda 😅
Jibu: Umemshusha dereva gari likiwa kwenye mwendo. Zima uwashe, hakuna kilichoungua.

Swali: Na romu ya herufi naisomaje?
Jibu: Iko 53248, ila pale zinajibu chipu. Zima interapti (zile zinazoikatiza prosesa kila mara) kwanza, POKE 56334,PEEK(56334) AND 254, kisha POKE 1,51, soma, rudisha 55, malizia POKE 56334,PEEK(56334) OR 1. Yote iwe ndani ya programu, usiandike mstari mmoja mmoja maana interapti zikizimwa na kibodi inakufa.