Telekomande ya mutuka ikikatala, anzia kwenye pili (betri yake ndogo)

Nafanya umeme wa magari hapa Birere, Goma. Juzi mama mmoja wa Himbi alikuja na kifungulo kiganjani kama kifaranga kilichokufa. Fundi mwingine alishamwambia atoe dola 80, "kompyuta ya milango imeungua."

Nikamuuliza: "Mama, siku hizi za mwisho ulikuwa unausogelea mlango ndipo ufunguke?"

"Ndiyo, fundi. Mpaka karibu niuguse."

Basi ni pili. Mara nyingi telekomande haifi ghafla, huanza kupoteza umbali. Ingiza sarafu kwenye ufa wa ganda, uzungushe polepole, halafu tazama pili imelala upande gani kabla ya kuitoa. Soma namba yake: CR2032 maana yake upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Ya mama ilisoma 2.4 kwenye mita yangu. Usikubali 2025 badala yake; ni nyembamba, itacheza ndani na kesho utarudi. Hapa kwetu vumbi jeusi la volkano linaingia hata humo, kwa hiyo pangusa vile vibati vinavyogusa pili kwa kitambaa kikavu.

Pili mpya ikishindwa, uliza watoto. Sifanyi mzaha. Kila ukibonyeza, telekomande inatuma namba mpya kwa redio, na mutuka inajua namba zipi zinafuata. Ndiyo maana mwizi akinasa namba ya jana haimfaidii kitu. Lakini mtoto akibonyeza mara nyingi mno akiwa chumbani, telekomande inaweza kutangulia mbali na mutuka ikaiona kama mgeni. Hapo ni kuzifundisha upya kujuana, na kila aina ya gari ina utaratibu wake.

Wakati unasubiri, usivunje kioo! Ndani ya vifungulo vingi vya kisasa kuna kifungulo cha chuma, kichomoe ufungue nacho mlango. Alarmu ikilia, iache ilie. Kuwasha je? Kwenye Toyota nyingi za kubonyeza, kanyaga breki, gusisha kifungulo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha ubonyeze. Chipu ya kuwashia haihitaji pili.

Milango mitatu ikifunguka na mmoja ukibaki, achana na telekomande. Tega sikio mlangoni: ukisikia mota inahangaika, imechoka, kukiwa kimya kabisa, mara nyingi waya umekatika pale kwenye bawaba, unapokunjwa kila siku.

Ukilazimika kununua telekomande, usidanganywe na umbo. Gari nyingi zilizotengenezewa soko la Japani zinasikiliza karibu na megahezi 315, za Ulaya nyingi 433. Zinaweza kufanana kama mapacha na zisisikilizane hata kidogo.

Mama alilipa pili na soda yangu.