SOMO: Kulinganisha hali mbili kwenye data za fMRI (picha za skana zinazoonyesha shughuli za ubongo)

Swali hili haliishi, nalijibu hapa mara moja: "Picha za nyuso zimewasha eneo hili la ubongo, za nyumba hazijaliwasha. Niandike kuna tofauti?" Hapana. Hali moja inaweza kuwa na p (uwezekano wa kupata matokeo kama haya hata kama hakuna athari halisi) ya 0.04 na nyingine 0.06: moja imepita kizingiti cha 0.05, nyingine imekosa kidogo tu. Tofauti hupimwa yenyewe, kwa kontrasti, yaani hesabu inayotoa hali moja kwenye nyingine.

1. Andaa picha kama kawaida: mwendo wa kichwa, usawazishaji, ulainishaji.

2. Jenga modeli ya takwimu, kila hali na safuwima yake.

3. Andika kontrasti. Hapa tulia. Nyuso > nyumba ni 1 kwa nyuso, -1 kwa nyumba, 0 kwingine. Programu haijui nyuso ni nini, inafuata mpangilio wa safuwima tu. Mshiriki asipokosea jibu hata moja, safuwima ya makosa inaweza kukosekana. Zinazofuata zinasogea, na -1 yako inaangukia kwenye vigezo vya mwendo wa kichwa. Huenda usipewe onyo lolote, na ramani itatoka imependeza vilevile. Kwa hiyo soma majina ya safuwima, mshiriki mmoja mmoja, awamu moja moja. Pia uzito ujumlishe sifuri: aina mbili za nyuso dhidi ya nyumba ni 0.5 0.5 -1, SI 1 1 -1. Ukitumia 1 1 -2, t (kipimo cha takwimu cha tofauti hiyo) haibadiliki ila thamani ya kontrasti inakuwa maradufu, hivyo usichanganye mitindo kati ya washiriki.

4. Ngazi ya kundi: kwenye SPM (programu ya kuchanganua fMRI) peleka con_0001 (ramani ya thamani za kontrasti), si spmT_0001 (ramani ya t).

5. Sahihisha kwa wingi wa vipimo, maana kila vokseli (kisanduku kidogo cha picha) hupimwa peke yake.

MASWALI

– Mkuu, sijapata kitu. Nishushe kizingiti kiwe 0.05 bila kusahihisha?
Hapana. Hatua ya 5.

– Lakini wengi wanafanya hivyo.
Mwaka 2016 watafiti Eklund, Nichols na Knutsson walionyesha kuwa hata usahihishaji wa vikundi vya vokseli, kizingiti cha kuviunda kikiwa legevu, hutoa matokeo ya uongo kupita kiasi. Wewe hutaki kusahihisha kabisa.

– Nyuso > nyumba imetoka, ila makadirio ya nyuso yako chini ya sifuri. Inawezekana?
Swali zuri sana. Inawezekana: -0.2 ukitoa -0.9 ni 0.7. Nyumba zimeshuka zaidi, nyuso hazijapanda. Ndiyo maana uchore kila hali peke yake kabla ya kuandika "nyuso zinawasha".

– Kuna njia ya kuhakiki safuwima haraka?
Ipo, kama washiriki walibonyeza vitufe kwa mikono yote miwili. Kontrasti ya mkono wa kulia > kushoto iwashe gamba la mwendo (eneo la ubongo linaloendesha misuli) upande wa kushoto, maana upande huo ndio huendesha mkono wa kulia.

– Kwangu imewaka kulia!
Kulia kwa ubongo au kwa skrini? Baadhi ya programu hugeuza picha, kulia ikaonekana kushoto. Angalia herufi L na R kwanza.